Nina laki sita na nataka kurudi kwenye TEHAMA: nilipie cheti kipi?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Nina stashahada ya TEHAMA. Hadi 2016 nilikuwa afisa TEHAMA wa chama cha akiba na mikopo hapa Morogoro: kompyuta za ofisi, mtandao wa matawi mawili, seva moja ya Windows. Nilikuwa na CCNA (cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco) niliyoipata 2013, na MCSA (cheti cha usimamizi wa mifumo ya Microsoft). Niliacha kazi nikalea watoto, na sasa mdogo ameanza darasa la kwanza. Nina laptopu, nina shilingi laki sita nilizotenga, na nina saa mbili tatu kila siku watoto wakiwa shule. Mtandaoni vyeti ni vingi mpaka kichwa kinauma, na kuna mtu ananiuzia kifurushi cha vyeti kumi kwa laki tatu. Nianze na kipi? Na kwa miaka 39, sijachelewa?

JIBU: Dada yangu, nianze na la haraka: kifurushi hicho usikinunue. Laki sita yako inatosha kulipia mtihani mmoja wa maana, nauli ya kwenda kuufanya, na bando la miezi ya kujisomea. Ningekuwa wewe, pesa hiyo ningeiweka kwenye mtihani wa Microsoft unaoitwa AZ-104, ule wa wasimamizi wa Azure (huduma ya Microsoft ya kukodisha seva na hifadhi kwa mtandao), na mengine yote ningejifunza bure. Sababu nitazieleza. Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo wauzaji wa kozi hawapendi uvitenganishe.

Kuna cheti cha kumaliza kozi, na kuna cheti cha mtihani unaosimamiwa. Cha kwanza unapewa kwa kutazama video na kujibu maswali ukiwa nyumbani, bila mtu kuhakikisha ni nani aliyeketi mbele ya kompyuta. Cha pili unakipata baada ya kuonyesha kitambulisho, kukaa mbele ya msimamizi au kamera, na kufaulu. Mwajiri anayeijua kazi hii anaviona ni vitu viwili mbalimbali. Nimekaa upande wa wanaosaili kwa miaka, na wasifu wenye orodha ndefu ya vyeti vya kozi hautusogezi popote. Tunauruka tukitafuta wapi mtu amewahi kupimwa na wapi amewahi kushika kazi. Vyeti kumi vya laki tatu, dada, karibu vyote huwa vya aina ile ya kwanza, tena kozi zenyewe mara nyingi ni zile ambazo wenyewe wanazitoa bure.

Na kama ndani ya kifurushi kuna maswali ya mtihani yaliyovuja, kaa nayo mbali kabisa. Microsoft, Cisco na CompTIA (shirika jingine la mitihani ya TEHAMA) wote wanaweza kukufutia cheti na kukufungia mitihani wakibaini ulitumia maswali ya kuiba. Zaidi ya hapo, aliyekariri majibu anajulikana dakika ya tatu ya usaili. Ukimuuliza kwa nini kompyuta imepata anwani inayoanza na 169.254, anakutazama tu. Wewe jibu hilo unalo tangu zamani (haikupata anwani kutoka kwenye mtandao, ikajipa yenyewe), na ndiyo mali yako kubwa.

Sasa tuangalie ulichonacho mkononi. CCNA yako ya 2013 ilikuwa ya miaka 3, kwa hiyo iliisha muda wake mwaka uleule ulioacha kazi. Cisco waliubadilisha mtihani mnamo Februari 2020 na sasa ni mmoja tu, 200-301, ambao una mambo ambayo wakati wako hayakuwemo, kama misingi ya kuendesha mtandao kwa programu. MCSA nayo Microsoft waliifuta kabisa tarehe 31 Januari 2021, na badala yake wakaweka vyeti vinavyofuata kazi ya mtu: msimamizi, mhandisi wa usalama, mtaalamu wa data. Usivifute kwenye wasifu wako. Andika wazi: "CCNA, 2013–2016" na "MCSA, imesitishwa na Microsoft 2021". Msaili ataona mtu mkweli ambaye aliwahi kupimwa na akafaulu. Ukiviandika kana kwamba bado viko hai, atahakiki, kisha hataamini kingine chochote kwenye karatasi hiyo.

Kwa nini AZ-104? Tazama sehemu zake tano: watumiaji na haki zao, hifadhi ya data, mashine za kompyuta, mtandao pepe, na ufuatiliaji pamoja na nakala rudufu. Ukiondoa jina la Azure, hiyo ni kazi uliyokuwa ukiifanya kwenye chama chenu. Ulifungua akaunti za wafanyakazi kwenye Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti za ofisi. Leo kwenye Azure kuna Entra ID, jina jipya la Azure Active Directory tangu 2023. Uligawa anwani za IP kwa matawi mawili. Kwenye Azure unazigawa vilevile, hesabu ni ileile. Mtu anayetoka shule leo anaanza sifuri kwenye mengi kati ya hayo. Wewe unajifunza tu mahali vitu vilipohamia.

Sababu ya pili ni gharama ya kukitunza. Vyeti vya ngazi hii vya Microsoft vinadumu mwaka mmoja, na watu wengi wakisikia hivyo wanakimbia. Lakini kuvihuisha ni bure: ndani ya miezi 6 kabla ya muda kuisha, unajibu maswali mtandaoni kwenye Microsoft Learn, tovuti yao ya masomo, nyumbani, bila msimamizi, na ukikosa unarudia. Bei ya mtihani wenyewe nchini Marekani ni dola 165, yaani shilingi laki nne na ushee, na Microsoft hupanga bei kwa nchi, hivyo chagua Tanzania kwenye ukurasa wa mtihani uone unayotozwa wewe. Masomo yote yako Microsoft Learn bila malipo, pamoja na maswali rasmi ya kujipima.

Sasa vile vingine unavyoviona kila ukifungua simu. CompTIA A+ ina mitihani miwili, na kila mmoja kwa bei ya Marekani unapita dola 250. Ni cheti kizuri kwa kijana ambaye hajawahi kufungua kompyuta ya mtu. Wewe umefungua mamia, usilipe kuthibitisha hilo. Security+, cheti chao cha usalama, inapita dola 400, iache kwa sasa. CCNA mpya ni dola 300, inapita bajeti yako yote, ingawa naiheshimu sana na nitairudia. AZ-900, ule wa msingi wa Azure, hauishi muda na ni rahisi, lakini hauthibitishi kwamba unaweza kusimamia chochote; soma masomo yake wiki mbili za mwanzo kama ngazi, usilipie mtihani. AWS Cloud Practitioner wa Amazon, wa dola 100, ni wa aina hiyohiyo. Cheti cha Google cha IT Support kilichopo Coursera (tovuti ya kozi za mtandaoni) tangu 2018 ni kozi, na ni kozi nzuri ya kujikumbusha. Coursera wana fomu ya kuomba msaada wa ada, na watu wengi wa kwetu wameipata kwa kueleza hali yao kwa uwazi. Ila kwa aliyefanya kazi uliyofanya, nusu yake itakuwa marudio.

Kuna kimoja ninachotaka ukitazame kwa makini: ISC2, shirika la vyeti vya usalama wa mtandao, mwaka 2022 walitangaza kuwapa watu milioni moja mafunzo na mtihani wa Certified in Cybersecurity bila malipo. Ni mtihani wa kweli, unaosimamiwa. Lakini ukishafaulu kuna ada ya uanachama ya dola 50 kila mwaka, na usipolipa, cheti kinakwisha. Si ulaghai, imeandikwa wazi; ni kwamba watu husoma neno "bure" wakaishia hapo. Kwa kila cheti unachokiona, kabla ya kuuliza bei ya kukipata, uliza bei ya kukiweka hai kwa miaka 3. Swali hilo peke yake litakuondolea nusu ya orodha.

Kuna vitu vya bure ambavyo havijulikani kama inavyostahili. Tangu 2023 Microsoft wana vipimo vinavyoitwa Applied Skills, ambapo hupewi maswali ya kuchagua. Unaingizwa kwenye maabara ya mtandaoni na kuambiwa fanya kazi hii, nao wanakagua ulichofanya. Hulipi kitu. Mada zake hubadilika, na kimojawapo kimekuwa cha kusimamia Active Directory, eneo lako kabisa. Fortinet nao wanatoa masomo yao ya kujisomea bure, na firewall zao (vifaa vya kuchuja kinachoingia na kutoka kwenye mtandao) utazikuta kwenye mabenki na mashirika mengi ya hapa. Cisco Networking Academy wana kozi za bure pamoja na Packet Tracer, programu ya kujenga mitandao ya mazoezi kwenye laptopu, unayoikumbuka bila shaka.

Hata hivyo, mapendekezo yangu yote yasimame juu ya jambo moja ambalo utalifanya wewe, wiki hii, kabla ya kulipa hata shilingi. Kusanya matangazo ya kazi ishirini au thelathini ambayo kweli ungeomba: kwenye Ajira Portal, LinkedIn, magazetini, na kwenye tovuti za taasisi za mkoa wako. Morogoro kuna vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe, kuna hospitali, viwanda vya sukari, mashirika yasiyo ya kiserikali. Andika kwenye daftari kila kifaa, programu na cheti kinachotajwa, kisha hesabu. Utaona kwamba nafasi za serikali kwanza zinaangalia stashahada au shahada, na vyeti vya kampuni ni nyongeza. Mabenki, kampuni za simu na mashirika ya kimataifa ndiyo hutaja cheti kwa jina. Kama kwenye daftari lako Cisco itatokea mara nyingi kuliko Microsoft 365 na Azure, basi achana na ushauri wangu wa AZ-104, subiri miezi michache uongeze akiba, uende CCNA. Soko unaloishi ndani yake linajua zaidi yangu.

Kuhusu yaliyobadilika tangu 2016, usiogope. Ni mengi lakini yanahesabika. Barua pepe na mafaili ya ofisi nyingi yamehama kutoka kwenye seva ya stoo kwenda Microsoft 365 au Google Workspace. Nywila peke yake haitoshi tena, watu wanathibitisha kwa simu pia. Mei 2017, muda mfupi baada ya wewe kuondoka, WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, ilifunga mafaili ya taasisi duniani kote, na tangu hapo swali la nakala rudufu limekuwa la kwanza kwenye usaili: unazihifadhi wapi, na mara ya mwisho kujaribu kuzirejesha ilikuwa lini? Windows 10 iliisha msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kompyuta yenye TPM 2.0 (kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta), kwa hiyo ofisi nyingi zina mashine zinazofanya kazi vizuri ambazo haziwezi kupandishwa kwa njia rasmi. Mtu anayeweza kwenda kwenye taasisi, akahesabu mashine, akatenga zinazofaa na zisizofaa, na kuandika ripoti ya kurasa mbili yenye gharama, ana kazi hata kesho.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taasisi yoyote inayoshika taarifa za watu, wakiwemo wanachama wa chama cha akiba na mikopo, inawajibika chini yake. Isome. Ni ndefu kidogo lakini inasomeka. Ulishika majina, namba za simu na mikopo ya wanachama kwa miaka. Ukiweza kueleza kwenye usaili jinsi ungepanga haki za kuona taarifa hizo ili karani aone kinachomhusu tu, utakuwa umesema jambo ambalo wengi wenye vyeti vipya hawalifikirii.

Maabara yako ijenge nyumbani. Laptopu yenye RAM ya GB 8 inaweza kubeba VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta pepe ndani ya laptopu) ikiwa na seva moja ya Windows na kompyuta moja ya mtumiaji. Ukipata GB 16 utapumua zaidi. Windows Server ya majaribio Microsoft wanakupa kwa siku 180. Azure wanampa mteja mpya dola 200 za kutumia ndani ya siku 30, kwa hiyo usifungue akaunti hiyo leo. Soma kwanza, jenga VirtualBox kwanza, uifungue ukiwa tayari kufanya mazoezi kila siku mwezi mzima. Watakutaka kadi ya benki kwa uhakiki, na kadi pepe za pesa za simu huwa hawazikubali. Nenda benki uwaombe waifungulie kadi yako malipo ya mtandaoni. Zima kila mashine unapomaliza zoezi. Salio likiisha, huduma zinasimama zenyewe, mradi tu hukukubali kuhamia malipo ya kawaida. Ukiulizwa kuhama, sema hapana.

Kila zoezi kubwa liandike: ulitaka kufanya nini, ulifanyaje, nini kiligoma, ulikirekebishaje, na picha za skrini. Matatu yanatosha. Mfano: kuhamisha watumiaji thelathini wa ofisi ya kubuni kutoka Active Directory kwenda Entra ID, kuunganisha matawi mawili kwa mtandao pepe, kupoteza faili kwa makusudi na kulirejesha kutoka kwenye nakala. Weka kwenye PDF safi, na kiungo kwenye wasifu. Usaili ukifika kwenye swali la "umekuwa ukifanya nini siku hizi", huna haja ya kujieleza sana. Unafungua kurasa hizo.

Kwa saa zako mbili tatu za asubuhi, tarajia miezi mitano au sita. Usijilipie tarehe ya mtihani mwanzoni ili ujilazimishe, kama wanavyoshauri vijana. Mtoto akiugua, tarehe inaharibika na pesa inaweza kupotea. Panga tarehe ukishapata asilimia 80 na zaidi mara kadhaa kwenye maswali rasmi ya kujipima. Alama ya kufaulu ni 700 kati ya 1000. Ukikosa unaweza kurudia baada ya saa 24, lakini unalipa upya, na huo ndio mtego wa bajeti yako.

Mtihani unaweza kuufanyia nyumbani kwa kamera, au kituoni. Wewe nenda kituoni. Nyumbani wanataka chumba kitupu, meza tupu, hakuna mtu kuingia hata kuchungulia, na intaneti isiyokatika. Umeme ukikatika au mtoto akifungua mlango, unaweza kusimamishwa. Panda treni ya SGR asubuhi, fanya mtihani Dar es Salaam, rudi jioni. Nauli hiyo ni sehemu ya gharama ya mtihani, iweke kwenye hesabu tangu sasa.

Mambo mawili ambayo yatakusaidia na ambayo wengi hawayajui. Kwa kuwa mtihani huu haupo kwa Kiswahili, unaruhusiwa kuomba dakika 30 za ziada, ila ombi lazima liidhinishwe kabla hujapanga tarehe. Na tangu Agosti 2023, mitihani ya ngazi hii inakuruhusu kufungua Microsoft Learn ukiwa ndani ya mtihani. Saa haisimami ukiwa unatafuta, kwa hiyo haiwasaidii wasiosoma. Inamsaidia anayejua jibu liko ukurasa gani. Unaposoma, zoea mpangilio wa tovuti hiyo, si majibu tu.

Kuhusu miaka 39: hapana, hujachelewa, na nasema hivi kama mtu anayeajiri. Kazi ya kusaidia watumiaji na kulinda mifumo ya taasisi inahitaji mtu asiyepaniki mhasibu akipiga kelele tarehe ya mishahara. Pengo lako liandike kwa mstari mmoja, "2016 hadi sasa: malezi ya familia, mafunzo ya Azure", halafu endelea. Kitakachokuchelewesha zaidi ni kusubiri cheti ndipo uanze kujionyesha. Rudi kwa uongozi wa chama chako cha zamani, au shule ya wanao, ujitolee kuwafanyia ule ukaguzi wa kompyuta za Windows 10. Mdhamini wa mwaka huu ana uzito kuliko wa 2016.

La mwisho ni dogo lakini limewatoa watu jasho mlangoni mwa chumba cha mtihani. Jina utakalojisajili nalo lilingane na la kitambulisho utakachokwenda nacho. Kama stashahada yako ina jina la baba na kitambulisho cha NIDA kina jina la ndoa, jisajili kwa jina la NIDA, na kwa ajili ya waajiri tengeneza hati ya kiapo ya majina mapema. Ingia kwenye akaunti yako ya zamani ya Microsoft, ile ya MCSA, uhakikishe jina la huko nalo limerekebishwa kabla ya kulipa.